Bwana Kotekote

Jumamosi, 4 Oktoba

Mke wangu Veronica kaninunulia daftari hili ili niandike humo, badala ya kumsimulia yeye mpaka chai yake inapoa. Sawa. Naandika.

Leo tumeanza. Chumba kiko ghorofa ya juu ya maktaba, Farsta, hapa Stockholm, dakika tano kwa miguu kutoka stesheni. Aliyepanga yote ni Prudence, Mrundi anayefundisha Kifaransa sekondari. Kila Jumamosi saa nane mchana, mpaka Desemba, tutatazama filamu zilizotengenezwa Ulaya mara tu baada ya vita kuu ya pili, vifusi vikiwa bado barabarani. Alisema watengenezaji wake walikuwa wakijiuliza nani aliwapinga wavamizi, nani alijikunja mbele yao, na nani alifanya yote mawili katika siku moja. Halafu akatutazama mmoja mmoja. Akasema wengi wetu humu tumetoka kwenye vita vyetu wenyewe, na maswali hayo tunayanong'ona jikoni tu.

Tatizo ni kwamba filamu zina maandishi ya Kiswidi chini ya picha, na yanapita mbio. Wazee wanasoma nusu, nusu inawaponyoka. Hapo ndipo niliponyoosha mkono.

Maana mimi ni Zephania wa Kasulu. Kabla sijaja huku kusomea ufundi wa magari, nilitafsiri filamu miaka mitano katika banda la video la mjomba wangu. Kichina, Kihindi, Kimarekani. Sikujua hata lugha moja kati ya hizo, na watu walilia pale walipotakiwa kulia. Prudence alisita kidogo, akasema nijaribu. Nikamwambia mimi sijaribu, mimi natafsiri.

Jumanne, 7 Oktoba

Mvua. Gerejini, mabasi kumi na moja yenye breki mbovu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimeua. Sina neno lingine.

Filamu ilikuwa ya mama mmoja anayewaficha wapiganaji kwenye ghala la unga. Steringi wa kueleweka, adui wa kueleweka. Prudence alinipa maiki na spika ndogo, nikakaa kando ya kioo, na sauti ikarudi kama sijaiacha siku moja. Mama alipompiga ofisa kwa beseni nikasema, "Pokea salamu za jikoni," na watu thelathini wakapiga makofi. Filamu ilipoisha, Zénon, Mrundi mwenye duka la simu pale Farsta, mtu asiyecheka hovyo, alinishika mkono kwa mikono miwili. Aliniambia tangu atoke kwao hajafurahi hivi mbele ya kioo.

Nilirudi nyumbani Norsborg nimesimama kwenye treni, viti vitupu tele. Nilishindwa kukaa.

Jumamosi, 18 Oktoba

Leo tena, moto.

Filamu ya leo jina lake silijui kulitamka. Kuna kijiji, kuna reli, kuna mlinzi wa geti la reli. Wavamizi wameweka kambi pale, na yule mlinzi anakunywa bia nao, anacheka nao, anawawashia sigara zao. Vita vinakwisha, wanakijiji wanampeleka kwenye mahakama waliyoiunda darasani. Mwamuzi anamuuliza alikuwa upande gani. Hajibu. Filamu inaishia kwenye uso wake.

Filamu gani hiyo, jamani? Mtu ametoka nyumbani kwake, haambiwi hata nani steringi. Ikabidi niwasaidie watu. Kwanza nikampa jina, maana kwenye banda kila mtu lazima awe na jina la kukumbukwa: Bwana Kotekote. Huku yupo, kule yupo. Kila akiinua glasi, mimi nasema, "Kotekote anakunywa machozi ya majirani." Kila akicheka, "Cheka, Kotekote, siku zako zinahesabika." Na mwisho, pale asipojibu, nikamjibia mimi: "Ndiyo, niliwauza, na ningewauza tena." Chumba kilipasuka. Zénon alipaza sauti akasema hata mtaa wa Jordbro kuna Kotekote mmoja anayemjua yeye. Watu wakazidi kucheka.

Mzee Révérien wa kwaya yetu aliinuka katikati ya kicheko hicho, akachukua koti, akatoka. Nilidhani anakwenda msalani.

Jumapili, 19 Oktoba

Veronica karudi kutoka kanisani na habari. Nje, baada ya ibada, watu walikuwa wakimwita Mzee Révérien "Kotekote." Si watoto, watu wazima wenye ndevu. Ni mzee mpole, anafanya kazi kwenye ghala kule Jordbro, na kwa miaka mingi ndiye anayeimba besi kwenye kwaya. Leo hakuimba.

Nilicheka. Nikamwambia Veronica hiyo ndiyo nguvu ya mfasiri: jina likitoka kwenye maiki halirudi tena. Hakucheka. Aliondoa sahani yangu mezani kabla sijamaliza kula.

Jumamosi, 25 Oktoba

Révérien hakuja. Filamu ya kawaida. Makofi ya kawaida.

Jumapili, 26 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma. Saa kumi na moja jioni tayari ni giza, na Révérien leo hakufika hata kanisani.

Jumamosi, 1 Novemba

Prudence aliniomba nibaki baada ya wengine kutoka. Nilidhani ananisifu.

Alinieleza jambo ambalo sikulijua vizuri. Kwa Warundi, siku ya kuposa na kupokea mahari baba wa binti hasemi. Anasemewa. Familia inamchagua mzee mwenye ulimi na jina safi, akae mbele, azungushane maneno na msemaji wa upande wa kijana mpaka wakubaliane. Wanaweza kubishana saa mbili juu ya ng'ombe ambao hakuna aliyewaona wakipita Stockholm. Kwa miaka kumi na tano msemaji huyo upande huu wa jiji amekuwa Révérien. Tarehe 13 Desemba anaposwa Diane, binti wa Zénon, na Révérien ndiye angesema.

Zénon amemwondoa. Ameambia ndugu zake hawezi kumkabidhi binti kwa mdomo wa Kotekote.

Nilijitetea. Nikasema jina nilimpa mtu wa kwenye filamu, sikumpa Révérien. Prudence akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mzee Zephania, hawa wawili wametoka kilima kimoja," alisema. "Kuna mambo ya vita Zénon aliyasikia juu yake. Ameyaweka kando miaka ishirini, bila mtu kumwomba. Wewe ukampatia jina la kuyaitia."

Kisha akanipa diski ya filamu ya mlinzi wa geti. Akasema niitazame nyumbani, na nifunge mdomo.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimeitazama. Naona aibu, na nitaandika kwa nini.

Nikiwa gerejini, basi likija na mlio, sisemi kitu. Nazima redio, nasikiliza. Hiyo ni kazi yangu mwaka wa ishirini na sita, na hakuna dereva anayenidanganya juu ya injini yake. Lakini mbele ya kioo sijawahi kunyamaza hata mara moja. Kwenye banda, ukinyamaza watu wanadhani spika imekufa, wanaanza kupiga miluzi. Kwa hiyo nilijifunza kujaza kila nafasi.

Filamu hii imejengwa kwa nafasi hizo. Pale niliposema anakunywa machozi ya majirani, hanywi kabisa: anamimina bia chini ya meza, na kwa mguu amekanyaga mlango wa sakafu, na chini ya mlango kuna watu. Pale niliposema anacheka, anacheka ili ofisa asisikie mtoto akikohoa. Ofisa akigeuka, uso wa mtu huyo unaanguka wote. Na kuna mahali pengine, sikupaona hata kidogo siku ile, mwanamke anakuja na bunda la nguo na yeye anamfukuza kama mbwa. Hatuambiwi kwa nini. Sijui kama alimwokoa au alimuua. Nimerudia mara nne, na bado sijui.

Nimehesabu maneno niliyoyatia yasiyokuwemo. Yamefika kumi na tisa. Waliotengeneza filamu hii walikuwa wametoka kwenye vita vyenyewe, wakaamua kutomhukumu mtu huyu. Mimi nimemhukumu nikiwa nimekaa Farsta na kikombe cha kahawa.

Alhamisi, 6 Novemba

Sikulala vizuri. Veronica anasema niende Jordbro. Nasema nitakwenda. Anasema lini.

Jumamosi, 8 Novemba

Nilikwenda asubuhi, kabla ya filamu. Révérien anaishi peke yake, ghorofa ya tatu, nyumba safi kuliko yangu. Alinikaribisha chai ya maziwa, akaniuliza habari za Veronica, akauliza mabasi yangu yanaendeleaje. Adabu yake ilinichoma kuliko kama angenitukana.

Nikasema nilichojia. Nimekosa, mzee, nisamehe, sikujua. Alikoroga chai muda mrefu.

"Ulisema mi ni kotekote," alisema. "Ni kweli. Nilikuwa kotekote. Ila hukuuliza sababu."

Akanieleza. Wakati wa vita alikuwa mlinzi wa kizuizi cha barabara chini ya kilima chao, na ufunguo ulikuwa wake. Mchana wanajeshi, jioni waliotoka msituni, na wote walimtaka awe rafiki. Alikunywa na wote. Yaliyobaki aliniambia, lakini sitayaandika humu leo. Ni yake.

Nilimwomba tena msamaha. Hapo ndipo aliponitazama machoni kwa mara ya kwanza.

"Muzee, ulinitukana kwa maiki," alisema. "Msamaha unaniombea kwenye kikombe cha chai. Bon. Nimekusikia. Lakini wale wengine hawakusikia."

Kwenye treni ya kurudi niliona ana haki kabisa.

Jumatano, 12 Novemba

Theluji ya kwanza. Saa sita mchana ilikuwa imeshageuka maji.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimemwambia Prudence hivi: tarehe 6 Desemba, mwisho wa msimu, tukodi ule ukumbi mkubwa wa chini, tualike watu wote, makanisa yote, na turudie filamu ya mlinzi wa geti. Nitaitafsiri upya. Kabla sijaanza nitasema nilichofanya.

Prudence aliogopa. Alisema watu wakija kucheka tena, Révérien atakuwa amezikwa mara mbili. Nikamwambia naogopa pia. Tukakubaliana tukiwa waoga wote wawili.

Nilipita dukani kwa Zénon kumwalika. Alikuwa akibadilisha kioo cha simu, hakuinua kichwa. Alisema ana maandalizi ya posa, hana muda wa sinema. Nikamuuliza amempata msemaji gani. Akaiinamia simu zaidi, nikajua hajampata.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimefanya mazoezi wiki nzima na nimegundua jambo linaloniudhi. Naweza kuwatafsiri wote, ofisa, mwamuzi, mwanamke wa bunda. Mlinzi simuwezi. Kila nikifungua mdomo anatoka ama malaika ama shetani. Ulimi wangu haujui kitu cha katikati.

Yupo mtu mmoja tu anayeweza. Na hapo ndugu msomaji, kama ni wewe Veronica unayesoma kwa siri, ujue kwamba katika maisha yangu yote sijawahi kumpa mtu maiki. Mjomba alinyimwa, na banda lilikuwa lake.

Jumapili, 23 Novemba

Nimekwenda tena Jordbro. Nimemwomba Révérien awe sauti ya mlinzi. Amekataa. Amesema hapana kwa heshima, mara tatu.

Ijumaa, 28 Novemba

Amepiga simu mwenyewe. Atakuja. Sharti lake ni moja: ile sehemu ya mahakama, asiandikiwe maneno, wala nisimuulize atasema nini, au kama atasema kitu.

Nimekubali. Nina hofu na nina furaha.

Jumapili, 30 Novemba

Nyota za karatasi zimewashwa madirishani mtaa mzima. Veronica anapika na kuimba. Kwaya bado haina besi.

Jumamosi, 6 Desemba

Naandika kabla sijavua koti.

Ukumbi ulijaa. Prudence alihesabu viti mia na arobaini, na watu walisimama ukutani. Warundi, Wanyarwanda, Wakongo, sisi Watanzania, hata Waswidi wachache walioolewa au kuoa kwetu. Zénon alikuwa safu ya nne, amekunja mikono kifuani. Diane alikuwa amemshika kiwiko kama mtu anayemzuia asitoke, na nadhani ndivyo ilivyokuwa.

Nilishika maiki. Nimewahi kusema mbele ya watu mia tatu wa Kasulu wakiwa na pombe kichwani, lakini leo sentensi ya kwanza niliianza mara mbili. Nikasema hivi: filamu hii niliitafsiri Oktoba, na niliidanganya. Nilimpa mtu jina asilopewa na waliomtengeneza. Nikamjibia swali ambalo yeye hakulijibu. Jina hilo likatoka kwenye kioo likamwangukia mtu mwenye heshima zake, Mzee Révérien, na mkono uliolirusha ni huu hapa. Naliondoa leo mbele yenu. Atakayelitumia tena, atakuwa analitumia la kwake, si langu.

Hakuna aliyecheka. Kuna mzee mmoja mbele alitazama viatu vyake, na hakuwa peke yake.

Kisha nikasema mlinzi wa geti leo ana sauti yake mwenyewe. Révérien akapanda, suti ya kahawia, shati limepigwa pasi kali. Tulikuwa na maiki moja. Nilikuwa nasema wengine, nampa. Anasema mlinzi, ananirudishia. Na pale filamu iliponyamaza, tulinyamaza. Mara ya kwanza watu walikohoa. Mara ya pili walitulia. Bia ilipomiminwa chini ya meza, nilisikia mama mmoja akivuta pumzi, maana safari hii aliiona. Mwanamke wa bunda alipofukuzwa, Révérien alitafsiri tusi lile kwa sauti ya chini kabisa, na mtu mmoja nyuma alianza kulia.

Mahakama. Mwamuzi anauliza, nikatafsiri: "Ulikuwa upande gani?" Nikampa maiki.

Uso wa yule mtu ukajaa kioo kizima. Révérien alikuwa amesimama chini yake. Alikaa kimya muda ambao Oktoba ningeujaza kwa vichekesho vitatu. Kisha akasema:

"Waheshimiwa, nilikuwa na ufunguo wa kizuizi. Mchana nilifungulia wanajeshi, jioni nilifungulia watu wa msituni. Nilikunywa bia ya wote. Kwa ule ufunguo walipita watu arobaini na mmoja waliokuwa wakikimbia kuuawa, na leo wengine wana wajukuu. Siku moja walikuja sita, mchana, na ofisa alikuwa amekaa kwenye kiti changu. Niliwafukuza kwa matusi. Nilisema moyoni, nikiwatukana hatawashuku. Walirudi nyuma. Sijui walifika wapi. Kwa hiyo msinisifu kwa wale arobaini na mmoja. Niulizeni wale sita. Mi najiuliza kila siku."

Filamu ikaisha. Taa zikawaka. Hakuna aliyepiga makofi, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, sikutaka yapigwe.

Zénon akasimama. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama.

"Uliwatafuta?" aliuliza.

"Siku tatu," Révérien alisema. "Mpaka mtoni. Sikuona mtu."

Zénon aliitikia kwa kichwa polepole. Alizungumza kama mtu anayepima kitu mkononi.

"Ile ya bia niliisikia tangu utoto," alisema. "Nyumbani walisema, yule alikunywa nao. Hii ya sita sikuijua, na hakuna hapa angeijua. Mwongo angetuambia arobaini na mmoja, akashuka." Nilimwona Diane akimwachia kiwiko. "Posa ni Jumamosi, saa tano, Norsborg. Usichelewe, Muzee. Wale wa upande wa kijana wameleta mtu mwenye mdomo."

Hapo ndipo ukumbi ulipolipuka. Akina mama wa Kirundi walipiga vigelegele mpaka mlinzi wa jengo akaja kuangalia kuna nini, na Prudence alimkumbatia, mtu asiyemjua kabisa. Nilikuwa nalia waziwazi na maiki ikiwa imewashwa, kwa hiyo watu mia na arobaini walinisikia. Sijali. Sijawahi kutafsiri vizuri kama leo, na maneno yenyewe mazuri hayakuwa yangu.

Jumapili, 7 Desemba

Besi imerudi kwenye kwaya. Madirisha yalitetemeka.

Jumamosi, 13 Desemba

Siku ya posa. Ukumbi ni huu wa hapa Norsborg, karibu na kwetu, na Veronica alinifunga tai mwenyewe.

Msemaji wa upande wa kijana alikuwa kweli na mdomo. Alikuja na ng'ombe wa maneno tu, wa kila rangi, akasifu maziwa yao, akasifu hata kinyesi chao. Révérien aliketi mbele yake kama mtu anayesubiri basi. Alimwambia nyumba hii haina binti anayeitwa Diane. Akasema labda wamekosea mtaa, wajaribu Farsta. Akaleta mabinti wengine watatu, mmoja baada ya mwingine, akiuliza kama ni huyu. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Saa moja na nusu aliwazungusha, na kila neno lilikuwa tamu na halikuumiza mtu. Jirani yangu, Mswidi, shemeji wa kijana, aliniomba nimtafsirie. Nilimwambia kidogo, nikamwacha asikilize sauti.

Mwishowe Révérien alisimama, akatengeneza koti, akasema kwa niaba ya baba, mama, na waliolala kilimani kwao, binti huyu ametolewa. Vigelegele vikaanza mlangoni vikafika mbele.

Kisha wakaleta chungu cha kinywaji cha mtama na mirija yake, wakakiweka katikati. Kwa desturi yao, anayekupa kinywaji huonja kwanza mbele yako, ili ujue hajakutilia sumu. Zénon alipiga magoti kwenye zulia, na suti yake mpya. Akavuta mrija, akameza, akasubiri kidogo watu wote waone. Kisha akamgeuzia Révérien mrija uleule, na Révérien akanywa.